Mgomba wa Muli

Mbaluka aliacha shule akiwa kidato cha pili, na tangu hapo hajawahi kukaa kazi moja mpaka viatu vyake vizoee njia. Amesimama geti za viwanda hapo Thika na wale wengine wa kungoja kuchaguliwa. Amechoma mahindi. Amepakia mawe. Siku hizi anaosha magari Makongeni, na mkono mmoja ukishika kitambaa, ule mwingine umeshika simu. Bosi wake alishachoka kumwambia.

"Mbaluka, siku moja utaosha hiyo simu na uweke gari kwa mfuko."

"Sawa boss, namalizia tu hii laini."

Watu wa hapo walidhani anabeti. Wengine walidhani ni msichana. Kumbe alikuwa anaandika.

Kuna sinema moja ndefu ya ng'ambo, ya misimu mingi, inaitwa Ukuta wa Chumvi. Hapo Thika ilikuwa inauzwa kwa fleshi za kompyuta, imetafsiriwa na deejay mwenye maneno mengi kuliko waigizaji wenyewe. Ni ya ndugu wawili, Tavo na Resh, wanalinda ukuta mrefu ili viumbe vya ukungu visiingie nchini kwao. Wamekula kiapo cha damu. Sasa msimu wa pili ukiwa katikati, Resh anaanguka mtoni, maji yanambeba, na hapo ndio mwisho wake. Hakuna anayemtafuta. Hakuna anayemlilia. Tavo anaoa, anakula karamu, anacheka, na jina la ndugu yake halitajwi tena mpaka sinema inaisha. Ni kama waliotengeneza walimsahau.

Mbaluka aliitazama na kaka yake Muli, kwa nyumba yao ya chumba kimoja hapo Makongeni, wakiwa wamekalia kitanda. Muli ndiye alimlea baada ya baba yao kufa. Alikuwa anafanya machimbo ya mawe huko Gatuanyaga, karibu na nyumbani kwao, na mashine ya kukata mawe ilikuwa imemla kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Ule mwisho wa Resh ulimkasirisha sana.

"Ameenda tu hivyo?" Muli aliuliza. "Hata matanga hakuna? Hawa watu wa ng'ambo hawana aibu."

"Ni sinema, bro."

"Sinema gani haina adabu!"

Halafu ikaja ile mvua kubwa, ya mafuriko, ambayo kila mtu Kenya anaikumbuka. Mto Athi ukapanda. Watu wa machimbo waliambiwa wasivuke. Muli akavuka na pikipiki ya mwenzake, kwa sababu mama yao alikuwa nyumbani peke yake, ng'ambo ya pili ya mto, na nyumba ilikuwa inavuja. Pikipiki walipata, imekwama kwa mizizi. Muli hawakupata. Vijana waliingia maji na kamba, wazee wakatembea kando ya mto mpaka kule chini, wengine wakasema mamba, wengine wakasema matope. Mvua ikaisha, mto ukashuka, ukawa mto wa kawaida tu wa kufulia nguo. Muli bado.

Hapo ndipo Mbaluka alianza kuandika. Alimchukua Resh pale waliotengeneza sinema walimwacha, ndani ya maji, na akakataa kumwacha hapo. Akamfanya ashike mzizi. Akamfanya atokee nchi isiyojulikana, asahau jina lake, atembee kwa miezi akiulizia njia ya ukuta. Huku nyumbani akamfanya Tavo awe mtu: kabla ya kula anatenga mkate wa Resh, na yeyote akikalia kiti cha Resh anafukuzwa. Alimpa Resh vidole vinne mkono wa kushoto, na kwa sinema Resh ana vidole vyote. Wasomaji waliona hiyo ni ufundi wake tu.

Wasomaji walikuwa wengi kuliko vile angetarajia. Wa kwanza alikuwa Gachau, kinyozi wa hapo karibu na kuoshea magari, jamaa wa Gatanga anayependa hadithi kuliko pesa. Gachau akafungua grupu kwa simu na kuiita Ndugu wa Ukuta. Wakaingia watu wa Witeithie, wa Juja, wa Ruiru, madereva, wanafunzi, mama mmoja muuza samaki. Wakajiwekea desturi yao. Kabla Mbaluka hajatuma sehemu mpya, kila mmoja anaandika "Nakumbuka" na jina la mtu wake aliyeenda. Nakumbuka Wangechi, dadangu. Nakumbuka Njau, tulikuwa dawati moja. Majina yanashuka kwa skrini kama mvua, halafu ndio hadithi inakuja.

Mbaluka mwenyewe hakuwahi kuandika jina. Na hakuna mtu kwa grupu, isipokuwa Gachau, alijua kuna jina.

Aliyeifanya hiyo hadithi ikimbie kabisa ni Zahra, msichana wa Ruiru anayeuza madera kwa duka la shangazi yake. Zahra alikuwa na sauti. Kila sehemu ikitoka, yeye anaisoma kwa nguvu, anairekodi, anaituma, na wale hawana subira ya kusoma wanasikiliza. Na hakuwa anasoma kama mtu wa habari, hapana. Alikuwa analia pale pa kulia na kupiga kelele pale pa kelele. Jina lake la kukumbuka lilikuwa Fahim, kaka yake, aliyegongwa na lori kule barabara ya baipasi.

"Mwandishi," alimwambia siku moja kwa grupu, "hii yako ndio inanifanya nifungue duka asubuhi. Usimuue Resh. Ukimuua nakuja Thika kukupiga na hanga ya nguo."

"Usimuue!" grupu nzima ikajibu.

"Mimi nitatoka kwa grupu," mama samaki akasema.

"Resh ni wetu, buda," Gachau akaandika. "Mwache arudi."

Sasa nyumbani nako kulikuwa na maneno mengine. Mutinda, mdogo wa marehemu baba yao, alikuwa anasema Muli azikwe. Azikwe nini na mwili hakuna? Mgomba. Mtu akipotea kabisa, unakata mgomba, unauvika nguo zake, unauzika kama mtu, na watu wanapumua. Kwao Ukambani si desturi iliyozoeleka sana, lakini Mutinda alikuwa ameiona kwa majirani na ikampendeza, na akaongeza sheria yake: anayefuata marehemu kwa kuzaliwa ndiye akate, kwa mkono wake mwenyewe. Pasta alikataa kuja. "Siwezi kuombea ndizi," alisema. Mutinda akamjibu kwamba hata Mungu anajua tofauti ya ndizi na huzuni.

Wote walimwangalia mama, Ndinda, na Ndinda akamwangalia Mbaluka.

"Ni wewe unamfuata," alimwambia. "Ukikata, nitakubali. Usipokata, nitamngoja."

"Mama, mwaitu, mimi sikati. Hakuna mtu alimwona amekufa."

"Basi nitamngoja."

Na alingoja kweli. Alihamia Makongeni kwa Mbaluka ili awe karibu na hospitali na vituo vya polisi, akafungua kimeza cha kuuza mboga kando ya kinyozi ya Gachau. Kila mwanaume mrefu akipita, shingo yake inageuka. Chakula akipakua, anapakulia watatu. Mbaluka aliona hayo yote na akaona ni sawa. Aliona wako timu moja, yeye anangoja kwa maandishi, mama anangoja kwa macho. Hakufikiria kwamba yeye akichoka anaweza kufunga simu, na mama hana mahali pa kufunga.

Wasomaji wakazidi kuomba. Resh alikuwa ametembea sana, wamechoka naye miguu. Basi asubuhi moja, magari yakiwa machache, Mbaluka akaketi juu ya ndoo na kuandika ile sehemu ya kurudi. Aliandika machozi yakimtoka na maji ya sabuni yakikauka kwa mikono. Resh anatokea chini ya ukuta, anachechemea, nguo zimemwisha. Mlinzi anamwuliza jina, hajui. Anainua mkono wa kushoto. Tavo anahesabu vile vidole kutoka juu, anapiga nduru, anashuka ngazi akianguka.

Akatuma. Halafu gari la matope likaja, akaweka simu mfukoni na kushika mpira wa maji.

Zahra alisoma ile sehemu akiwa dukani, na haikumtosha kuisoma. Kabla ya kurekodi hadithi yenyewe, alirekodi furaha yake kwanza. Gachau akaipokea akiwa katikati ya kichwa cha mtu, na kwa vile siku hiyo simu yake ilikuwa imeunganishwa na spika kubwa mpya ya nje, sauti ya Zahra ikasikika barabara yote.

"Amerudi jamani! Amerudi! Yule wetu wa vidole vinne, aliyebebwa na maji! Mto haukummeza, alitoka kule chini, amekuja na miguu yake! Anachechemea lakini ni yeye! Ndugu yake amemtambua kwa mkono! Wallahi nalia hapa dukani, amerudi nyumbani!"

Kwa kinyozi wateja wawili walipiga makofi. Gachau aligonga ukuta kwa raha. Nje, Ndinda alikuwa anakata sukuma wiki. Akaweka kisu chini polepole. Mteja wake akamwuliza, "Mama, na sukuma yangu ya shilingi kumi?" Alivua aproni, akaacha meza na mboga na sanduku la pesa hivyo hivyo, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

"Wapi, mathe?"

"Gatuanyaga. Nyumbani. Kimbia."

Kwa sababu mtu akirudi, atarudi wapi kama si kwao?

Mbaluka alipigiwa simu na Mutinda jua likiwa juu ya kichwa.

"Wewe, nani amemwambia mama yako Muli anakuja?"

"Anko?"

"Ameanika godoro ya Muli nje! Amechinja jogoo. Ameambia kila jirani, na sasa watu wanakuja, kuna mtu ameleta kreti ya soda. Ni nani amemwona huyo kijana? Niambie nijue kama ni kucheka au kulia!"

Mbaluka akageuka kuangalia meza ya mboga. Mbuzi wa mtu alikuwa anakula sukuma. Kutoka kwa spika ya Gachau, Zahra alikuwa bado anasoma. Hapo akaelewa yote kwa pamoja, na akaketi kwenye maji machafu bila kujali.

Gachau alifunga kinyozi, mteja akiwa nusu kichwa, wakaenda wote wawili. Njia ya Gatuanyaga ni vumbi mtupu, na hawakuongea.

Walikuta boma limefagiliwa. Majirani walikuwa wamesimama kando ya ua, wamevaa zile nguo za kanisani. Ndinda alikuwa ameketi kwa kiti kando ya njia, leso mpya kichwani, akiangalia upande wa mto. Alipoona wanaume wawili wanashuka kwa pikipiki akasimama. Akaangalia wa kwanza. Akaangalia wa pili. Akaangalia nyuma yao.

"Mmemwacha wapi?"

"Mwaitu."

"Anatembea pole pole kwa sababu ya mguu, si ndio? Nimesikia ni mguu. Nimemchemshia maji."

"Mwaitu, keti."

"Sikai. Nimekaa sana. Muli ako wapi?"

Gachau akavua kofia.

"Mama, ni makosa ya spika yangu," akasema. "Ile ilikuwa hadithi."

"Hadithi?"

"Ya watu wa ukuta. Si watu wa kweli."

"Si wa kweli na wana vidole vinne?" Ndinda alimgeukia mwanawe. "Yule msichana alikuwa analia. Mtu hulia hivyo kwa watu si wa kweli? Hiyo hadithi ni ya nani?"

"Ni yangu," Mbaluka akasema. "Mimi ndio niliiandika. Nilimrudisha mimi."

Jirani mmoja akamwita Mungu, "Ngai!", na kufunika mdomo. Mutinda alianza kuja na fimbo yake, Ndinda akainua mkono, naye Mutinda akasimama.

"Nisomee," akasema.

"Mwaitu, tafadhali."

"Umesomea dunia yote. Nisomee na mimi."

Akamsomea. Alianza mwanzo kabisa, mahali Resh anashika mzizi, na majirani wakakaribia, na jua likasonga, na hakuna aliyegusa soda. Sauti yake ilikuwa mbaya, si kama ya Zahra, ilikuwa inakwama kila mahali. Ndinda alisikiliza akiwa ameangalia chini. Pale pa mkate unaotengwa mezani, aliitikia kwa kichwa kidogo kama mtu aliyesikia jina la mtaa wake. Mbaluka alipofika mlinzi na ukuta, Ndinda akamkatiza.

"Wacha hapo. Nani amekuambia Muli angechechemea? Muli alikuwa anatembea vizuri."

"Nilifikiria tu."

"Na angesahau jina lake? Angesahau langu?" Hakuwa anapiga kelele. "Muli akiwa hai angekuwa ameshafika. Hangehitaji wewe umbebe. Mtu aliye hai anajitembeza mwenyewe, Mbaluka. Wewe umemtembeza miezi hii yote. Kwa hivyo unajua."

Mbaluka akaifunga simu.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu pikipiki," akasema, na hapo akalia kama mtoto mbele ya watu wote.

Mama yake hakumbembeleza. Alienda kwenye kamba ya kuanikia, akachukua godoro la Muli, akalirudisha ndani. Akatoka akaambia majirani, "Kuku ameiva. Kuleni. Asiyekula atanikosea." Na wakala, wamesimama, bila kuangaliana, kile chakula cha kukaribisha mtu.

Asubuhi iliyofuata Mbaluka aliandika kwa grupu. Hakuandika sehemu mpya. Aliandika tu kwamba Resh hakurudi, kwamba Resh alikuwa kaka yake na anaitwa Muli, kwamba mto Athi ulimchukua na atazikwa Jumamosi huko Gatuanyaga bila mwili. Halafu mama samaki akaandika, "Ulituchezea," akatoka. Wengine wakamfuata, jina moja baada ya lingine, ametoka, ametoka. Mwanafunzi mmoja akauliza kama bado kutakuwa na sehemu ya Tavo kulipiza kisasi.

Zahra, ambaye Gachau alikuwa amemweleza yote, alimpigia.

"Mimi ndio nilipiga kelele," alisema. "Mama yako atanisamehe?"

"Hukujua."

"Nilijua mtu haandiki hivyo bure. Sikiza. Fahim tulimzika siku hiyo hiyo, hata kabla jua lishuke, sikupata hata nafasi ya kulia vizuri. Nilichukia. Lakini niko na mahali naenda kusimama. Wewe unasimama wapi?"

Mbaluka akakata simu, akamwuliza Gachau migomba inapatikana wapi.

Gatuanyaga ni kavu, migomba haikubali. Gachau akampeleka kwao Gatanga, kwa shamba la mama yake, ambako migomba imebanana mpaka hakupitiki. Mama Gachau akawapa panga na kuondoka, kwa heshima. Mbaluka alichagua mmoja mrefu ulionyooka. Panga liliingia kwa urahisi, na hiyo ndiyo ilimuumiza, vile ni laini, vile maji yanatoka mengi. Ulipoanguka aliushika usigonge chini.

Siku ya kuzika watu walikuwa wachache. Wale wa soda hawakurudi. Kutoka Ndugu wa Ukuta walikuja Gachau, dereva mmoja wa Witeithie, na Zahra, aliyeenda moja kwa moja akapiga magoti mbele ya Ndinda. Ndinda akamwinua. "Uko na sauti," alimwambia, hakuongeza lingine.

Mgomba ulikuwa umelazwa juu ya mkeka, umevaa shati ya Muli ya machimbo na suruali yake moja nzuri. Mutinda alikuwa amewaandika vijana kuchimba, lakini ardhi ya hapo ni mwamba juu ya mwamba, na shimo lilitoka fupi. Mutinda akapima kwa jicho, akaita panga.

"Tupunguze kidogo huku chini ndio ulale."

"Upunguze nini?" Ndinda akauliza.

"Mgomba, shemeji. Shimo limekataa."

"Muli hakuwa mfupi."

"Ndinda, ni mgomba tu."

"Nimesema Muli hakuwa mfupi. Chimbeni."

"Mpaka wapi sasa? Tutajuaje?"

Watu wakaangaliana. Mbaluka ndiye aliyesonga. Alivua viatu, akalala chali juu ya ile ardhi ya moto kando ya shimo, mikono kwa mbavu, kichwa kikielekea mlimani. Walikuwa wanapeana suruali, yeye na Muli, urefu wao karibu sawa. Gachau akachora mstari kwa sururu mahali kichwa chake kimeishia.

"Songeza," Ndinda akasema. "Muli alikuwa amempita kidogo." Gachau akasongeza. "Hapo."

Dereva wa Witeithie akavua shati, akashuka shimoni. Gachau akafuata. Sururu ikagonga jiwe, ikaruka, ikagonga tena. Mbaluka bado alikuwa amelala, macho wazi, vumbi likimwangukia usoni, na ilikuwa kama hakusikia kwamba wamemaliza kumpima. Mama yake akaja, akainama, akamvuta kwa mkono mpaka akakaa, na kwa ncha ya leso akaanza kumpangusa mgongo.

"Inuka," alimwambia. "Nenda uwasaidie. Mpaka huo mstari bado ni mbali."